Sheria ipo, kamba imelala: je, muuaji anaogopa?

DEO: Karibuni tena. Leo tupo sebuleni kwa dada Mwaju, Tabata. Feni tumeizima, maana wiki iliyopita mlilalamika inaunguruma. Mkisikia mtu anahema, ni mimi.

MWAJU: Na jenereta ni la jirani. Haya, kaka, wewe unataka watu wanyongwe.

DEO: Nataka muuaji aogope! Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinasema ukipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, unanyongwa. Jaji hana pa kuchagua. Lakini tangu 1994 hajanyongwa mtu. Magufuli mwenyewe alisema 2017 kwamba hasaini hati za kunyonga. Sasa simba wa plastiki atamtisha nani?

MWAJU: Tuiache sheria. Wewe si umekulia Manzese? Mwizi akipigiwa kelele pale, anakutwa na nini?

DEO: ...Tairi.

MWAJU: Tairi na petroli. Hakuna rufaa, hakuna rais wa kusaini. Wezi waliisha?

DEO: Aka! Nilikuwa darasa la tano. Yule kijana alikuwa na kandambili moja tu, nyingine ilimchomoka akikimbia. Asubuhi yake lami bado nyeusi, mama wa vitumbua akaibiwa simu, hatua tano tu kutoka pale.

MWAJU: Umeona? Anayeiba hawazi atakufaje, anawaza atakamatwa au la. Beccaria, yule Mwitaliano, aliliandika hilo 1764: bora adhabu ndogo ambayo hukwepi kuliko kali unayotumaini kuikwepa.

DEO: Mwizi si muuaji, dada.

MWAJU: Muuaji naye, akipanga, anapanga asikamatwe. Na wengi hawapangi: pombe, mpaka wa shamba, wivu. Kanada walifuta 1976, na miaka iliyofuata mauaji hayakufumuka.

DEO: Kanada kuna baridi, watu wanashinda ndani.

MWAJU: (anacheka) Haya, Marekani. 2012 Baraza la Taifa la Utafiti lilipitia tafiti za miaka zaidi ya thelathini, likasema hazifai kutumika kudai kwamba kunyonga kunapunguza mauaji.

DEO: Wala kwamba hakupunguzi! Nami nilisoma.

MWAJU: Sawa, hapo umenikamata. Ila anayetaka kuua mtu ndiye alete ushahidi, si mimi.

DEO: Nitakubali moja. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ilisema 2019 kwamba kumfunga jaji mikono namna hiyo kunavunja haki ya kuishi. Hapo sina ubishi. Mlevi aliyempiga mwenzake chupa kilabuni, na aliyemkata mtu mwenye ualbino akauze viungo, wapewe hukumu moja?

MWAJU: Kumbe tunaelekea pamoja.

DEO: Hatuelekei. Huyo wa pili ningemnyonga.

MWAJU: Wewe? Kamba mkononi?

DEO: ...Dada, hebu washa feni kwanza.