Toa Hesabu ya Uwakili Wako

Wapendwa, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa niseme juu ya uwakili mwaminifu katika maisha ya Mkristo, na naona wengine tayari mmeanza kukumbatia mifuko yenu. Tulieni, leo hapiti mtu na kikapu. Kosa ni letu sisi wahubiri: neno uwakili tunalitoa kabatini siku kanisa lina deni tu, mpaka muumini akilisikia anajua kinachofuata.

Nianze na neno lenyewe. Ukisema wakili leo, watu wanamfikiria yule wa mahakamani. Si mbaya, tumtumie huyo huyo. Anasema kwa niaba yako, anatia sahihi kwa niaba yako, lakini nyumba inayogombewa ikipatikana, anayehamia ni wewe. Katika Agano Jipya neno la Kiyunani ni oikonomos, msimamizi wa nyumba ya mwingine. Mara nyingi alikuwa mtumwa, ila mtumwa mwenye funguo za ghala. Yusufu nyumbani kwa Potifa alikuwa mtu wa namna hiyo: bwana wake hakujishughulisha na chochote isipokuwa chakula alichokula. Mamlaka makubwa, umiliki sifuri. Na kitu ukikishika muda mrefu, mkono huanza kusahau kwamba ni cha mtu.

Sasa twende 1 Wakorintho 4:2: "Hapo tena inayohitajiwa katika mawakili, ndiyo mtu aonekane kuwa mwaminifu." Nimeisoma aya hii miaka mingi nikidhani inasema "awe" mwaminifu. Haisemi hivyo. Inasema aonekane. Na kitu hakionekani mpaka mtu aangalie. Hapo ndipo ninapotaka kukaa usiku wa leo: wakili mwaminifu ni yule anayekubali kuangaliwa.

Najua aliyesoma Biblia yake vizuri ameshaniwekea mtego. Atasema, "Mhadhiri, soma aya inayofuata. Paulo anasema kwake si kitu kuhukumiwa na wanadamu; amhukumuye ni Bwana." Ni kweli. Ila hapo Paulo anazungumzia watu waliokuwa wakishindanisha watumishi, huyu wa Paulo, huyu wa Apolo. Zilipoingia fedha za watu, mtu huyo huyo alibadilisha utaratibu. Alikuwa akikusanya mchango wa watakatifu wa Yerusalemu. Wale Wakorintho aliwaambia wachague watu wao wenyewe wa kuupeleka. Baadaye akamtuma Tito, mtenda kazi mwenzake, na pamoja naye ndugu aliyechaguliwa na makanisa, na akaeleza sababu bila kuzunguka: hataki mtu awalaumu yeye na wenzake kwa habari ya mchango ule, na wanaangalia yaliyo mema si mbele za Bwana tu, bali na mbele ya wanadamu. Iko 2 Wakorintho 8, aya ya 20 na 21. Mtume aliyetokewa na Kristo njiani kwenda Dameski hakusema, "Niaminini tu."

Lakini anayenifundisha zaidi ni Ezra, yule kuhani wa Agano la Kale. Sura ya 8 ya kitabu chake hatuihubiri kwa sababu imejaa majina na uzani, tunairuka kwenda kutafuta aya tamu. Ni mwaka wa saba wa Artashasta, mfalme wa Uajemi, ambao wengi huuhesabu kuwa 458 KK. Ezra yuko mtoni Ahava na msafara unaorudi Yerusalemu. Anaona haya kumwomba mfalme askari na wapanda farasi wa kuwalinda njiani, kwa maana alishamwambia kwamba mkono wa Mungu u juu ya wote wamtafutao. Basi wanafunga na kuomba. Imani kubwa hiyo. Ukigeuza macho aya mbili tu mbele, mtu yule yule ametoa mizani. Anawatenga wakuu wa makuhani 12 na kuwapimia: talanta 650 za fedha, vyombo vya fedha vya talanta 100, dhahabu talanta 100, mabakuli ya dhahabu 20, na vyombo viwili vya shaba iliyong'aa, thamani yake kama dhahabu. Talanta moja ilikuwa kama kilo 30, kwa hiyo fedha peke yake inakaribia tani 20. Na hata vile vyombo viwili vya shaba vimeandikwa.

Safari yote, tangu siku walipoanza kutoka Babeli, ilikula miezi minne. Wakafika, wakapumzika siku tatu. Siku ya nne vyote vikapimwa tena ndani ya nyumba ya Mungu, mbele ya makuhani wawili na Walawi wawili, kwa hesabu na kwa uzani, na uzani wote ukaandikwa wakati ule ule. Si wiki iliyofuata, wala "tutakumbuka." Ezra alimwamini Mungu kwa habari ya majambazi njiani, na alitumia mizani kwa habari ya makuhani. Wala hakuna kuhani aliyenuna. Nadhani walilala usingizi mzuri usiku ule kuliko usiku wowote wa safari.

Mimi nilinuna. Niliwahi kuwa mweka hazina wa kanisa, na tulikuwa na mfuko wa wajane, fedha ndani ya bahasha ya kaki yenye maandishi ya kalamu nyekundu. Mafundi wa paa walikuja kudai, mfuko wa jengo ulikuwa mtupu. Nikachukua kwenye ile bahasha. Sikuiba; nilikuwa na nia ya kurudisha Jumapili ijayo. Sikuandika popote, maana niliona aibu kuandika. Jumapili ikaja na mahitaji yake, na ya pili, na ya tatu. Siku mama mmoja mjane alipopewa barua ya kupokea msaada wake, nilifungua bahasha mbele yake, nikahesabu mara mbili kama mtu anayetarajia noti ziongezeke. Hazikutosha. Mzee wa kanisa akaniuliza taratibu, "Mwalimu, hesabu ikoje?" Nikamjibu kwa ukali, "Kwani hamniamini?"

Nimelifikiria sana jibu lile. Mwizi angelitumia neno kwa neno. Wahenga walishasema, mali bila daftari huisha bila habari, na mimi nilikuwa shahidi wa methali hiyo nikiwa na funguo mfukoni. Isitoshe, sadaka ya wajane ilikuwa na anwani. Aliyeitoa alikwisha kusema iende wapi. Paa lilikuwa jambo jema, ila kwa fedha ile halikuwa jambo langu kuamua.

Yule wakili wa mfano wa Yesu katika Luka 16 alishitakiwa kwa bwana wake kwamba anatapanya mali, akaambiwa, "Toa hesabu ya uwakili wako." Watu hubishana kwa nini bwana wake alimsifu baada ya kuwapunguzia madeni watu waliodaiwa na bwana huyo, mafuta kutoka vipimo 100 hadi 50, ngano kutoka 100 hadi 80. Alisifiwa kwa busara yake ya kujiandalia kesho, wala si kwa udhalimu wake. Kwangu hilo linatosha. Kinachonishtua ni kwamba alianza kuchukua hati na kupiga hesabu siku alipoambiwa kazi imekwisha. Pengine kama angefanya hivyo kila mwezi, mfano ule usingekuwepo.

Msidhani naongea na waweka hazina peke yao. Muda, elimu, watoto uliokabidhiwa, ardhi ambayo Mwanzo 2 inasema tuilime na kuitunza, vyote ni amana. Na Kiswahili kimetupa zawadi hapo, kwani amana, imani na uaminifu yametoka shina moja. Sitapitia kimoja kimoja, tutakesha. Jiulize tu, katika hivyo, nani ana ruhusa ya kukuuliza? Mume na mke, mmoja anajua mshahara wa mwenzake? Mchungaji, yuko mzee anayeweza kukuuliza wiki yako imeishaje bila kuambiwa anawagusa wapakwa mafuta wa Bwana, yaani watumishi wake?

Ile bahasha niliijaza kwa mshahara wangu, ilichukua miezi mitano, na kila nilichorudisha yule mzee alikiandika mbele yangu na kunipa kalamu nitie sahihi. Mara ya kwanza mkono ulitetemeka. Mara ya tano tulikuwa tunataniana.

Nimemaliza, karibuni maswali. Na mkitaka kuuliza nauli ya kunileta hapa imetoka mfuko gani, ulizeni, risiti ninayo.