Bata Bukini Anayeukataa Upepo

Mabibi na mabwana, nimemsikia mmoja wenu akinong'ona, "Leo tumeitiwa bata?" Ndiyo, bata. Tena bata bukini, yule mwenye kichwa cheupe na mistari miwili myeusi kisogoni, uzito kilo 2 hadi 3. Majira ya baridi hukaa India. Machi ikiingia huanza kurudi kaskazini, Tibet na Mongolia, kwenda kutaga. Katikati imesimama Himalaya.

Sisi watu wa pwani tumelelewa na pepo. Jahazi la kwenda Oman lilingoja kusi, basi. Huko Himalaya nako, jua likishawaka, upepo hupanda mlima kuelekea huko huko anakokwenda bata. Lifti ya bure! Mimi ningeidandia. Yeye haitaki. Vifaa vya kufuatilia safari alivyofungwa mgongoni vilionyesha, katika utafiti uliochapishwa 2011, kwamba huvuka usiku na alfajiri, upepo umelala. Hupanda kwa nguvu za mabawa yake tu, muda wa saa 8 hivi. Hewa ya usiku ni baridi, kwa hiyo nzito. Bawa linapata cha kusukuma, wala hapati misukosuko ya kumyumbisha.

Kumkamata kuna wakati wake. Majira ya joto, maziwani Mongolia, bukini hupukutisha manyoya yote ya kurukia kwa mpigo, akabaki wa kuogelea tu. Hapo watafiti huingia na vimashua, wakawaswaga taratibu kama mbuzi mpaka kwenye uzio wa nyavu.

Wengine walipasuliwa na kuwekewa tumboni kifaa cha kupima mapigo ya moyo. Hicho hakitumi chochote hewani: lazima umnase ndege yule yule mwaka unaofuata. Hebu fikirieni roho ya mtu anayengoja! Majibu yalitoka 2015. Bata hapandi juu akatulia huko. Hufuata ardhi, akashuka bondeni, akapanda tena, hata akipoteza kimo alichokitolea jasho, maana hewa nyepesi ya juu humchosha kuliko kuurudia mlima.

Na zile hadithi za bata kupita juu ya Everest? Everest ni mita 8,849. Rekodi kubwa waliyoipata watafiti hao ni mita 7,290, na sehemu kubwa ya safari huwa chini ya 6,000. Hupenya kwenye mapengo ya milima. Naomba taa izimwe, niwaonyeshe kwenye ramani wapi.