Bahari Yetu na Dhoruba za Ulaya

Shikamooni wazee. Vijana, hamjambo? Poleni na foleni. Najua waliotoka Mbagala wamefika hapa Upanga wakiwa wameshachoka.

Leo tunazungumzia jinsi joto la bahari, hata hii yetu, linavyochangia upepo na dhoruba za Ulaya. Nianze na jambo mnalolijua kwa nyayo zenu. Simama Coco Beach saa nane mchana mwezi wa pili. Mchanga unaunguza mpaka unatembea kwa kurukaruka, lakini ukitia mguu majini unapata nafuu. Jua ni lile lile. Hewa ya nchi kavu inapata moto na kupanda, ya baharini inakuja kushika nafasi yake, na ndiyo inayorudisha ngalawa Feri. Usiku mambo yanageuka: nchi kavu inapoa upesi, bahari inabaki na joto lake, na alfajiri upepo unatoka bara, wavuvi wanaondoka nao. Nchi na bahari zikiwa na nyuzi 28 zote mbili, upepo huo haupo. Kinachojaza tanga ni tofauti.

Sasa twende mbali, kwenye latitudo za kati, baina ya nyuzi 30 na 60, iliko Uingereza, Japani na sehemu kubwa ya Marekani. Huko kuna mkondo wa bahari uitwao Gulf Stream. Unatoka Florida na maji ya moto, unapanda na pwani ya Marekani hadi Cape Hatteras, kisha unaiacha pwani na kuingia bahari kuu. Kaskazini yake kuna maji baridi yatokayo upande wa Labrador. Majira ya baridi, ukivuka mpaka wa maji hayo mawili, joto linaweza kushuka nyuzi 10 ndani ya kilomita 100 hivi. Yaani hapa hadi Chalinze!

Hewa kavu ya Kanada ikiteremka juu ya maji yale ya moto, bahari inafuka kama sufuria iliyofunuliwa. Mvuke unapanda, unakuwa wingu, na unapogeuka wingu unaachia joto uliloondoka nalo majini. Joto hilo ni chakula cha dhoruba. Mwaka 2008 mtafiti wa Japani, Shoshiro Minobe, na wenzake walionyesha kwamba mvua imejipanga ukanda mmoja ukiufuata mkondo huo, na athari yake inafika juu kabisa, zaidi ya kilomita 10.

Huko juu kuna upepo mwingine, na kwa huu naomba mniwie radhi, unataka utulivu kidogo. Hewa ya moto hutanuka, kwa hiyo nguzo ya hewa upande wa joto ni ndefu kuliko ya upande wa baridi. Juu, hewa inataka kuteremkia upande wa baridi. Dunia inazunguka, kwa hiyo kaskazini ya ikweta inapindishwa kulia, na badala ya kwenda kaskazini inakimbilia mashariki. Ndiyo upepo mkali ambao marubani wa Atlantiki huutafuta wakielekea Ulaya na kuukwepa wakirudi. Tofauti ya joto ikiwa kali, upepo unakaza mbio, na dhoruba hufuata njia yake.

Lakini tusiipe bahari sifa zote. Katika latitudo hizo, mara nyingi upepo ndio unaoamua joto la maji. Mwanasayansi wa Ujerumani, Klaus Hasselmann, alilieleza mwaka 1976, na mwaka 2021 akapata sehemu ya Tuzo ya Nobel: bahari ni nzito kama pantoni ya Kigamboni. Hali ya hewa ya kila siku ni kama mawimbi: kila wimbi linaisukuma kidogo bila mpango, na mwisho unakuta imeshahama, yaani joto lake limebadilika. Kwetu kwenye tropiki ni tofauti, maji yana joto la kutosha kuinua mawingu makubwa yenyewe.

Na hapo ndipo tunapoingia sisi. Mwaka 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kuliko kawaida, upande wa Sumatra ikapoa. Wataalamu wanaita dipole, yaani ncha mbili, moja ya joto na moja ya baridi. Vuli ile Afrika Mashariki ilipata mafuriko, Australia ikaungua. Mvua ile kubwa ilipasha moto anga ya juu, na anga ikapigwa mawimbi yaliyotembea maelfu ya kilomita hadi Atlantiki ya Kaskazini. Upepo wa huko ukakaza. Februari 2020 Uingereza ilipigwa na dhoruba Ciara, kisha Dennis, ukawa mwezi wa Februari wenye mvua nyingi kuliko wote kwenye kumbukumbu zao. Bahari yetu haikuwa sababu pekee, ila ilichangia, na kompyuta za utabiri za Waingereza zilikuwa zimeuona mwelekeo wa majira yale tangu Novemba, maji ya Msimbazi yakiwa bado yanatusumbua Jangwani.

Kwa hiyo mkisikia redioni kwamba bahari imepata joto, muulizeni mtabiri: kuliko wapi? Naona mama pale nyuma mkono umeshapanda. Karibu, mpeni kipaza sauti.