Nyumba ya watu kumi: pima mboga kwanza, bugali baadaye

DÉO: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Bukavu, na nyinyi wa Uvira, wa Goma, na popote mnapotusikia. Mimi ni Déo, niko na Yaya Furaha. Leo tunaongea chakula cha nyumbani kwa familia kubwa. Yaya, tuchukue nyumba ya watu kumi: wakubwa wanne, watoto sita, mbabula moja, yaani jiko la makala (makaa). Tuanzie wapi?

FURAHA: Tuanzie kwenye mboga. Nyumba nyingi hapa zikipanga chakula zinaanza na unga: unga kwanza, kisha mboga inunuliwe kwa pesa itakayobaki. Ndiyo maana unakuta bugali umejaa sinia na mboga ni kijiko kimoja pembeni. Mtoto analala ameshiba, lakini mwili wake haujapata cha kujijengea. Sisi wa Kivu bwaki, ule utapiamlo wa kukosa protini, tunaijua kwa jina na kwa sura, kule kituo cha utafiti cha Lwiro imetibiwa na kuchunguzwa kwa miaka mingi. Kwa hiyo geuza hesabu: panga maharagwe, majani na samaki kwanza, halafu unga uvifuate.

DÉO: Tupe vipimo.

FURAHA: Kwa watu kumi, mlo mmoja: maharagwe makavu kilo moja, lengalenga (mchicha) kilo mbili kabla ya kuchambua, na unga kilo moja na robo. Hiyo kilo moja ya maharagwe ikiiva inakuwa karibu kilo mbili na nusu, kwa hiyo kila mtu anapata bakuli, mtoto mdogo nusu bakuli. Bugali wa unga huo unataka maji lita mbili na nusu hivi. Ukiona unga unapikwa kilo mbili na maharagwe nusu kilo, hapo mpango umepinduka.

DÉO: Lakini watu watakwambia maharagwe yanakula makala. Saa tatu kwenye mbabula!

FURAHA: Yanakula makala yakipikwa makavu. Jioni, chagua mawe na takataka, osha, yatie kwenye maji lita tatu kwa kilo moja, uyaache mpaka asubuhi. Ongeza kijiko kimoja cha chumvi kwenye maji hayo. Najua wengi wamefundishwa kwamba chumvi inakaza maharagwe. Kwenye maji ya kulowesha inafanya kinyume, inalegeza ngozi. Kinachokaza kweli ni nyanya. Nyanya, ndimu, chochote kichachu, kikiingia kabla maharagwe hayajalainika, ngozi inabaki ngumu hata ukiongeza makala mara mbili. Nyanya ziingie mwisho.

DÉO: Na asubuhi?

FURAHA: Mwaga maji ya kulowesha, suuza, weka maji mapya yapite juu ya maharagwe kwa vidole vitatu. Moto mkali, sufuria wazi, yachemke kwa nguvu dakika kumi kamili, utoe povu. Hizo dakika kumi hazina msamaha. Maharagwe mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu inayoleta kutapika na kuhara ndani ya saa chache, na moto mdogo hauiondoi. Baada ya hapo funika, punguza makala, acha yatokote taratibu.

DÉO: Kwa muda gani? Maana mtu anasoma mahali kwamba dakika 45 zinatosha, anajaribu hapa Bukavu, bado yanagonga meno.

FURAHA: Tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huku maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95, hayafiki 100. Moto uwe mkali namna gani, maji hayapandi zaidi ya hapo kwenye sufuria ya kawaida, yanaisha tu kwa mvuke. Kwa hiyo muda wa mtu anayepikia pwani usiuchukue. Maharagwe mapya yaliyolowa usiku kucha, hesabu saa moja na robo mpaka saa moja na nusu. Yaliyokaa gunia muda mrefu kwenye joto na unyevu yanaweza kufika saa mbili na nusu, na mengine hayalainiki kabisa.

DÉO: Pale soko la Kadutu mtu atajuaje kwamba anauziwa ya zamani?

FURAHA: Rangi imefifia, haing'ai. Lakini kipimo cha kweli ni maji: nunua kiganja kimoja, lowesha usiku. Asubuhi yenye afya yamevimba karibu mara mbili na ngozi imenyooka. Yaliyobaki madogo na magumu ndiyo yatakayokumalizia makala. Ukiona ni mengi, usirudi kununua gunia kwa muuzaji huyo.

DÉO: Wengine wanatia magadi au soda.

FURAHA: Inalainisha haraka, ndiyo, lakini inaua vitamini B1, na ukizidisha maharagwe yanakuwa na ladha ya sabuni. Kama ni lazima, robo kijiko cha chai kwa kilo, basi. Mimi ningependa watu watumie kapu. Maharagwe yaliyolowa yachemshe kwa nguvu dakika 30, funika vizuri, toa motoni yakiwa bado yanatokota, weka sufuria ndani ya kapu lililojazwa nguo kuukuu au majani makavu ya ndizi, juu weka mto au blanketi. Usifunue kwa saa tatu, nne. Yanaendelea kuiva bila kaa hata moja. Kabla ya kula, yarudishe motoni yachemke tena. Kinachoharibu ni sufuria iliyojaa nusu, kwa sababu maji machache yanapoa haraka, au mtu anayefunua kila mara kuangalia.

DÉO: Sasa sombe, mboga ya majani ya muhogo. Hapa nadhani wasikilizaji watabishana.

FURAHA: Wabishane, ila wasikilize jambo moja. Majani ya muhogo yana kitu kinachotoa sianidi. Sumu hiyo inatoka jani likipondwa: ndani ya jani kuna kimeng'enya, ukiponda kinakutana na ile sumu iliyofungwa, kinaifungua, nayo inatoka na hewa. Kuna watu wanachovya majani kwenye maji ya moto kwanza ili yalainike kwa kinu. Joto linaua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na sumu inabaki imefungwa ndani. Ponda majani mabichi. Ponda mpaka usione tena kipande cha jani wala mshipa, iwe laini kabisa. Ndipo uchemshe, bila kifuniko.

DÉO: Bila kifuniko mwanzo mpaka mwisho?

FURAHA: Nusu saa ya kwanza wazi kabisa, mvuke utoke, na watu wasiinamie sufuria. Baadaye unaweza kufunika nusu. Sombe nzuri inataka saa moja mpaka mbili. Ile iliyosagwa kwa mashine sokoni ni sawa, mradi imesagwa siku hiyo hiyo. Ikiwa imegeuka kuwa nyeusi na inanuka uchachu, iache.

DÉO: Vipimo vya watu kumi?

FURAHA: Majani machanga kilo moja na nusu, vitunguu viwili vikubwa, biringanya mbili, pilipili mbuzi nzima usiipasue kwa sababu ya watoto, karanga zilizosagwa robo kilo, mawese kikombe nusu. Karanga uzichague moja moja: iliyokunjamana, yenye ukungu au chungu, tupa, usiseme itafichwa na sombe. Mawese yaingie dakika 20 za mwisho. Wekundu wa mawese ndiyo ile rangi mwili unaigeuza vitamini A, ya macho na ya kinga. Ukiyachoma mpaka yageuke meupe, kama wengine wanavyopenda kwa kukaanga, umebaki na mafuta tu.

DÉO: Na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani? Kuna nyumba zinaona sambaza ni chakula cha asiye na uwezo.

FURAHA: Hapo nasikitika kweli. Sambaza waliletwa ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na sijui kama kuna kitoweo kingine kilichotusaidia zaidi. Unakula mzima, kichwa na mifupa, kwa hiyo unapata protini na kalsiamu kwa mara moja. Samaki mkubwa unamtupia mbwa mifupa. Kwa watu kumi, wabichi kilo moja, au wakavu gramu 250 wakichanganywa na mboga.

DÉO: Wakavu wana mchanga.

FURAHA: Wale walioanikwa chini, ndiyo. Weka kwenye beseni la maji ya vuguvugu, wageuze kwa vidole bila kuwakamua, watoe kwa kuwainua juu. Usimwage beseni pamoja nao, maana mchanga uko chini, utarudi juu yao. Fanya mara tatu, mpaka ukipapasa chini ya beseni usisikie punje. Usiwaloweshe muda mrefu, watapasuka na utamu unabaki kwenye maji. Na kwa wabichi: kaanga kidogo kidogo. Ukijaza kikaango mafuta yanapoa, samaki wanakunywa mafuta badala ya kukauka. Halafu kuna unga wa sambaza: waliokwisha kuoshwa na kukauka, wakaange bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, twanga, chekecha. Kijiko kimoja kwenye uji au maharagwe ya mtoto mdogo kila siku. Mtoto wa mwaka mmoja hawezi kutafuna sambaza, lakini unga huo anaumeza bila shida.

DÉO: Turudi kwenye bugali. Muhogo.

FURAHA: Muhogo mchungu uliomenywa unapaswa kulowa siku tatu kabla ya kuanikwa. Bei ikipanda, kuna wanaoutoa siku ya kwanza. Unga huo unabaki na sianidi, na mtu anayeula kila siku bila protini ya kutosha anaweza kupata konzo, miguu inapooza na haiponi. Kusini mwa Kivu imeshaonekana. Ukiwa na shaka na unga wako, tia kwenye beseni, weka alama pembeni unga unapofika. Ongeza maji ukikoroga: kwanza unashuka, kisha unapanda. Ukirudi kwenye alama, acha kuongeza. Tandaza juu ya mkeka safi, unene usizidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu itoke na hewa. Pika siku hiyo hiyo. Au changanya nusu muhogo nusu mahindi, hiyo nayo inapunguza.

DÉO: Matunda?

FURAHA: Pera, marakuja, ndimu, chochote cha msimu. Ndimu ikamuliwe juu ya lengalenga au maharagwe mezani, inasaidia mwili kushika madini ya chuma. Chai ingoje saa moja baada ya kula, kwa sababu inafanya kinyume.

DÉO: Na kugawa? Sinia moja kwa wote?

FURAHA: Wakubwa wale pamoja wakipenda. Mtoto chini ya miaka mitano awe na sahani yake. Kwenye sinia, mwenye mkono wa haraka anamaliza samaki, mdogo anabaki na bugali. Ukimpa sahani yake, unaona kwa macho amekula nini na ameacha nini.

DÉO: La mwisho, Yaya. Mtu akitaka kupika maharagwe ya siku mbili ili aokoe makala, na friji hana?

FURAHA: Pika kilo mbili kwa maji na chumvi tu. Ya kesho yatoe kabla hujatia vitunguu, nyanya na mafuta, yaweke kwenye sufuria safi yenye kifuniko, bila kuchota kwa kijiko kilicholiwa. Usiku kabla ya kulala yachemshe dakika kumi, asubuhi tena dakika kumi, na kila mara yaache yamefunikwa. Yakitoa povu bila moto au yakinuka uchachu, yamwage, usijaribu kuyaokoa kwa pilipili.