Kuitambua Rangi ya Kiwandani ya Luger P08

Ndugu wasikilizaji, kabla ya rangi kuna usalama. Chomoa magazini, vuta goti la bastola, yaani kile kiungo kinachokunjika juu yake, hadi nyuma, tazama ndani ya chemba ya risasi, kisha iguse kwa kidole. Ikiwa tupu, tuendelee.

Nazungumzia P08 zilizotengenezwa na Mauser kwa jeshi la Ujerumani, kwa kuwa mwaka uliopigwa juu ya chemba hukwambia utarajie rangi gani. Msishangae mkikuta herufi badala ya mwaka: K ni 1934, G ni 1935.

Mpaka 1937 Mauser walitumia buluu ya kutu. Chuma kilichong'arishwa kilipakwa tindikali hafifu, kikaachwa kishike kutu laini, kikachemshwa majini hadi wekundu ugeuke weusi, kikasuguliwa kwa brashi; kisha kazi ikarudiwa, mara kadhaa. Dawa ilipakwa nje, hivyo ndani ya fremu chuma kilibaki cheupe. Kifyatuo, swichi ya usalama na kitufe cha magazini vilipashwa moto tu, vikawa na manjano ya majani makavu.

Mwaka huo wa 1937 wakahamia kwenye beseni la chumvi moto. Kinachozamishwa hulowa kila pembe, kwa hiyo ndani nako kukawa kweusi, na vile vipande vidogo vikapoteza umanjano wao.

Basi ukifungua bastola ya 1936 ukakuta fremu nyeusi ndani, imeshachovywa upya. Ya 1940 ikiwa na kifyatuo cha manjano, mwulize muuzaji kipande kimetoka wapi, na ulinganishe tarakimu mbili za mwisho za namba yake na za bastola.

Sasa chukua tochi na kioo cha kukuzia. Laza mwanga karibu sambamba na chuma. Muhuri unapopigwa, chuma husukumwa pembeni na kuacha ukingo mdogo ulioinuka. Mashine ya kung'arisha, ikipitishwa kabla ya kupaka rangi upya, huufuta, na herufi hubaki butu kama zilizolambwa. Tazama pia matundu ya pini: mdomo wake ukiwa umebonyea kama kisahani, gurudumu la kitambaa limepita hapo. Vishimo vya kutu vilivyojaa buluu mimi havinipi shaka yoyote: kutu ilikula kwanza, rangi ikaja baadaye.

Uchakavu wa kweli una mahali pake. Ala ya ngozi hula ncha ya mtutu na kingo za pembeni. Vidole hula manjano ya kifyatuo kwa mbele, pakabaki kijivu. Manjano yaliyoenea sawasawa mbele na nyuma kwenye bastola iliyochakaa kwingine kote yamepakwa majuzi.

Zipo pia zilizotekwa na Wasovieti. Karakana zao zilizifungua nyingi, zikazichovya zote na kuziunga upya bila kujali namba, ndiyo maana hata vipande vidogo vya 1936 huonekana vyeusi, na namba zake mara nyingine zimechorwa kwa kalamu ya umeme.