Gandisha Maji kwa Kugonga Chupa Mara Moja

Karibuni. Leo tupo Moshi, jikoni, na friza ndiyo maabara yetu. Wauza vinywaji wanalijua jambo hili: soda inatoka kwenye friza ikiwa maji kabisa, ukifungua kizibo inageuka barafu mbele ya mteja. Sisi tutalifanya kwa makusudi, kwa maji.

Chukua chupa nne za plastiki za maji ya dukani, nusu lita kila moja, ambazo hazijafunguliwa. Chupa ya kioo usiitumie, kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Ziandike namba 1 mpaka 4 kwa maka peni, uzilaze kwenye friza zisigusane wala zisiguse barafu ya ukutani. Funga mlango, kaa mbali.

Baada ya saa mbili hivi anza kuchungulia kila dakika kumi, taratibu. Ukiona chupa moja imeganda yenyewe, ujue zilizobaki zimekaribia. Umeme ukikatika katikati, anza upya, hakuna njia ya mkato.

Sasa toa mojawapo ambayo bado ni maji. Ishike shingoni kama yai. Maji haya yako nyuzi 5 hadi 8 chini ya sifuri, na bado yanachezacheza. Shuleni tulifundishwa kwamba maji huganda kwenye nyuzi sifuri, lakini hiyo ni nusu ya habari. Sifuri ndipo barafu na maji vinaweza kuishi pamoja. Kuanza kuganda ni suala jingine, na mwanafizikia Daniel Fahrenheit aliandika juu ya maji ya namna hii tangu 1724.

Kinachokosekana ni mwanzo. Molekuli za maji hazitulii. Kila mara molekuli chache hujipanga kwa bahati tu kama barafu, kisha hutawanyika. Kipande hicho cha barafu kinapata faida ya nishati kwa ujazo wake na hasara kwa uso wake unaogusana na maji. Kikiwa kidogo, uso unameza faida yote, kama kibanda cha soko la Mbuyuni ambacho kodi ni kubwa kuliko mauzo. Kinafungwa. Lakini katika kuyumbayumba huko, siku moja kipande kikivuka ukubwa fulani, faida inazidi hasara na hakuna kinachokizuia tena. Kwenye ubaridi wa chupa yetu ukubwa huo ni kama nanomita kumi tu, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chembe ya vumbi au mkwaruzo wa plastiki hupunguza hasara ya uso, ndiyo maana tumechukua maji safi. Vitone vidogo sana visivyo na uchafu hufika karibu nyuzi 38 chini ya sifuri kabla ya kushindwa kustahimili.

Basi, ili kuupata mwanzo huo, gonga kitako cha chupa mezani, mara moja, kwa nguvu ya wastani. Tazama! Angalia barafu inavyoshuka kama manyoya. Rudia video hapa polepole, maana hapa ndipo patamu.

Kwa nini manyoya, si ukuta ulionyooka? Barafu inapokua hutoa joto, na joto hilo lazima liondoke. Ukitokea uvimbe mdogo wa bahati kwenye uso wa barafu, ncha yake imejitokeza kwenye maji baridi zaidi, inapoteza joto haraka, inakua haraka, inazidi kujitokeza. Pembeni yake vinachipua vivimbe vingine. Kuyumba kulekule kulikoanzisha barafu ndiko kunakochora matawi, na mpangilio wa pembe sita wa molekuli unayapa matawi mwelekeo.

Ukiifungua chupa hii na kutumbukiza kipimajoto sasa utashangaa: kinasoma sifuri. Maji yamepata joto kwa kuganda. Gramu moja ikiganda hutoa joule 334, kwa hiyo ikiwa chupa ilikuwa nyuzi 6 chini ya sifuri, takriban asilimia 7 au 8 ya maji ndiyo huganda papo hapo. Unachokiona ni uji wa barafu.

Hapo Mweka, juu kidogo ya mji, ndipo Mtanzania Erasto Mpemba alipokuwa akisoma chuo cha wanyamapori wakati makala yake na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, kuhusu maji ya moto kuganda mapema kuliko ya baridi ilipotoka mwaka 1969. Wanasayansi bado wanabishana, na maji kupitiliza sifuri bila kuganda ni mojawapo ya sababu zinazotajwa. Binafsi naona ubishi hauishi kwa sababu bahati imo ndani ya jaribio lenyewe.

Yeyusha chupa zote ambazo hujazifungua, uzirudishe friza, urudie mara kadhaa, na uandike ni namba ipi imeganda ya kwanza. Namba ileile ikitangulia kila mara, huenda ina uchafu au mkwaruzo. Zikipokezana, hiyo ni bahati.