Mshukiwa wa mauaji yuko nje, imekuwaje?

MWAKIO: Haya tumerudi, na leo nataka Zuhura anitoe tongotongo, manake kila nikiingia mtandaoni nakuta watu wamewaka, fulani kashtakiwa kwa mauaji halafu wiki mbili hivi yuko nje anapiga picha harusini. Sasa hiyo mahakama inawaza nini?

ZUHURA: (anacheka) Skiza. Siku ya dhamana jaji haulizi kama uliua, hilo lina siku yake. Anauliza ukitoka utarudi? Na mashahidi utawaacha walale?

MWAKIO: Lakini zamani mauaji si ilikuwa hakuna dhamana kabisa?

ZUHURA: Kabisa. Mauaji, wizi wa mabavu, uhaini, unakaa rumande mpaka kesi iishe, hata ikienda miaka mitano shauri yako. Ikaja Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 49, kila aliyekamatwa ana haki ya dhamana kwa masharti ya kadiri, labda kuwe na sababu nzito ya kumnyima. Haikubagua kosa. Na hapahapa Mombasa, mwaka huohuo, Jaji Ibrahim akasema kwenye kesi ya mauaji kwamba hata hiyo ina dhamana. Wenzetu Tanzania bado, Mahakama Kuu ilifuta kile kifungu cha sheria yao kinachokataza dhamana kwa makosa kama mauaji Mei 2020, Agosti Mahakama ya Rufani ikakirudisha.

MWAKIO: Kumbe. Na hiyo sababu nzito nani anaileta?

ZUHURA: Serikali, na ndo hapo wengi wanaanguka. Mpelelezi anaandika kwenye hati ya kiapo "mshukiwa atatoroka", basi, amemaliza. Jaji atamuuliza umejuaje? Alishikwa mpakani Lunga Lunga na begi? Alishapewa bondi kesi nyingine akapotea? Amempigia shahidi simu? Kama huna kitu mkononi hiyo ni hofu yako tu. Uzito wa kosa unaangaliwa, ushahidi ulivyo unaangaliwa, ila peke yake hautoshi.

MWAKIO: Ile ya mtangazaji wa TV Maribe na mchumba wake Jowie basi, walioshtakiwa kwa mauaji ya Monica Kimani, kesi moja, mmoja katoka mwingine kabaki, watu wakasema ni mambo ya umaarufu.

ZUHURA: Mimi sikubali. Oktoba 2018 Jaji Wakiaga alimpa Maribe dhamana, Jowie akamnyima, na mojawapo ya mambo ni kwamba Jowie alionekana hana makao ya kudumu. Sasa mtu huna pa kutafutwa, nikuachie nikupate wapi? Akaomba tena, akatoka 2020, halafu 2024 yeye akapatikana na hatia, Maribe akaachiliwa huru. Kwa hivyo ukinyimwa leo sio mwisho, mambo yakibadilika unarudi kuomba.

MWAKIO: Na hayo makao jaji anayajuaje, ataenda mwenyewe?

ZUHURA: Anamtuma afisa wa probesheni. Huyo anaenda mpaka kijijini, anakaa na mamako, anaenda kwa chifu, anaongea na majirani, na anaenda kwa familia ya marehemu pia. Ile ripoti kaka isikie tu. Wakati mwingine kijiji kinasema akirudi huku tutamchoma, na jaji anaweza kumweka ndani kwa usalama wake mwenyewe, sheria inaruhusu.

MWAKIO: Wueh. Na wale wa marehemu wanasikizwa kweli ama ni kujaza karatasi?

ZUHURA: Wanasikizwa, kuna sheria ya waathiriwa ya 2014, usalama wao lazima uangaliwe wakati masharti yanapangwa. Kumbuka Obado akiwa gavana wa Migori, aliposhtakiwa kwa mauaji ya Sharon Otieno, alipewa dhamana ya milioni 5 na akaambiwa asisogelee mpaka wa Homa Bay kilomita 20. Homa Bay ndo kwa familia ya marehemu na mashahidi. Sharti kama hilo kwangu lina maana kuliko hizo milioni.

MWAKIO: Milioni 5 mimi ningebaki ndani nizoee.

ZUHURA: Na ndo wanabaki! Watu hawalijui hili, ukienda gereza la Shimo la Tewa utapata mtu alishapewa dhamana zamani, yuko palepale. Jaji amesema bondi ya laki tano na mdhamini mmoja, mama anakuja na taito ya shamba kaifunga kwenye leso, kwa naibu msajili wa mahakama inafunguliwa, jina ni la babu aliyekufa na mirathi haijafanywa. Hairuhusiwi. Na huyo angalau taito anayo, sasa Kilifi na Kwale watu wangapi wanalima shamba la wazee wao na karatasi hawajawahi kuiona? Unamwambia huyo alete hati ya ardhi?

MWAKIO: Afanyeje?

ZUHURA: Wakili arudi kwa jaji aombe masharti yalegezwe, pesa taslimu kidogo kidogo familia ikichanga, au logibuku, ile hati ya umiliki, ya gari la mjomba. Sio aibu na sio kesi mpya. Tatizo wengi hawana wakili wa kuwafuatilia, na mawakili ambao serikali inawawekea washtakiwa wa mauaji wanaonekana siku ya kesi tu, baada ya hapo simu hawashiki.

MWAKIO: Kuna msikilizaji kaandika hapa, shemeji yake alipewa dhamana, ana mwezi wa nne bado yuko ndani hivyohivyo.

ZUHURA: Aende rejista ya mahakama na namba ya kesi, aombe nakala ya ile amri ya dhamana asome masharti mwenyewe, halafu anitumie.